IST ya kilomita 214,000 au X-Trail ya 98,000? Zote milioni 7 na nusu, zote ziko Mtwara. Nichukue ipi?

Mjukuu wa Tandahimba (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nina hela ya korosho na mkopo kidogo wa kazini, jumla milioni 9. Hii ni gari yangu ya kwanza. Kuagiza Japani nimeshapiga hesabu, ukijumlisha ushuru na ile tozo ya uchakavu ya gari iliyozidi miaka 8, hela haitoshi. Nimetafuta ya mkononi hapa hapa kusini, nimebakiwa na mbili.

Ya kwanza ni Toyota IST ya 2003, cc 1300, namba C (usajili wa zaidi ya miaka kumi hapa nchini), inasoma kilomita 214,000. Muuzaji ni mtumishi, anahamishwa mkoa. Asubuhi ikiwa baridi inashtuka ikitoka gia ya kwanza kwenda ya pili. Ikishapata moto inatulia.

Ya pili ni Nissan X-Trail ya 2004, cc 2000, namba C pia, inasoma kilomita 98,000. Iko kwa dalali Shangani. Ndani safi, AC inapuliza baridi. Nilipoijaribisha kwenda Mikindani na kurudi ilizima njiani. Tukakaa pembeni kama robo saa, ikawaka yenyewe na tukarudi vizuri. Dalali anasema mafuta yalikuwa chini.

Siku za kazi nitazunguka mjini, wikiendi nakwenda shambani Tandahimba na mama watoto na watoto watatu. Naombeni ushauri.

Mchinga Mbili
IST. Uzi ufungwe.

Dereva wa Usiku
X-Trail usiiguse. Gia boksi yake ni CVT (otomatiki ya mkanda, haina gia za hatua), ikifa unatafuta milioni 2 nyingine. Kimbia.

Kaka Ndanda
@Dereva wa Usiku hapana mkuu. X-Trail ya 2004 ni ile T30, gia boksi yake ni otomatiki ya kawaida ya gia nne. CVT zilianza na T31, toleo la 2007. Watu wanachanganya hizi gari kila siku na wanawatisha wanunuzi bure. Mimi natumia T30 barabara ya Masasi mwaka wa ngapi huu, gia boksi haijawahi kufunguliwa.

Kwa safari ya Tandahimba na familia ya watu watano chukua X-Trail. Ina uwazi wa chini karibu sentimita 20, IST ni 15 na ushee. Kwenye mchanga wa kule juu tofauti hiyo utaiona.

Binti Mikindani
@Kaka Ndanda wewe tangu mwaka jana unaitangaza hiyo X-Trail yako unataka kuiuza. Tunakujua 😂

Ila juu ya CVT amesema kweli.

Mjomba wa Newala
Barabara ya Tandahimba sasa hivi ni lami jamani, IST inatosha kabisa.

Mzee wa Naliendele
@Mjomba wa Newala lami iliyokamilika ni Mtwara mpaka Mnivata, kilomita 50. Kutoka Mnivata kwenda Tandahimba, Newala mpaka Masasi ni kazi inayoendelea, unakutana na vipande vya lami na vipande vya njia ya mchepuko. Mvua ikinyesha ule mchepuko ni utelezi, jua likiwaka ni mchanga mlaini. Na shamba lenyewe halipo kando ya lami. Mwambie kijana ukweli wote.

Fundi wa Kiyangu
Habari wakuu. Hizi gari zote mbili zinapita gereji kwetu mara kwa mara, nitaeleza ninachokiona.

IST ya cc 1300 ina injini ya 2NZ. Inatumia cheni, siyo mkanda, kwa hiyo asije mtu akakwambia kilomita 214,000 lazima ubadili mkanda wa taimingi. Cheni inadumu ukibadili oili kwa wakati. Ukiwasha asubuhi ukasikia mkwaruzo wa chuma upande wa mbele wa injini kwa sekunde chache, cheni au tenshona yake (kifaa kinachoikaza) imeanza kuchoka. Ukisikia kimya, endelea.

X-Trail ya cc 2000 ni QR20. Nayo cheni. Ugonjwa wake unajulikana, inakunywa oili. Kabla hujaiwasha chomoa dipstiki uone oili iko wapi, na uangalie kama imewekwa mpya asubuhi hiyo ili kukuficha. Ikipata moto mwambie mtu akanyage, wewe simama nyuma. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweusi ni mafuta yanazidi. Mweupe usiokatika wakati injini imeshapata moto ni maji yanaingia kwenye silinda, hiyo gasketi.

Kuhusu kuzima njiani na kuwaka ikipoa, kwa X-Trail mimi naanza na sensa ya krenki, ile inayosoma mzunguko wa injini. Sensa ikipata joto inapoteza mawasiliano, injini inazima hapo hapo, ikipoa inarudi. Spea siyo ghali. Habari ya mafuta kuwa chini ni maneno ya kuuzia gari. Mafuta yangekuwa yameisha isingewaka bila kuongezwa.

Ufuta Mweupe
@Fundi wa Kiyangu kwa heshima zote, isiwe pampu ya mafuta? Ya jamaa yangu Ruangwa ilikuwa inafanya hivyo hivyo, inazima ikipata moto, inawaka ikipoa. Wakabadili sensa mbili, tatizo likabaki. Kubadili pampu, kwisha. Na pampu inapata joto zaidi tenki likiwa na mafuta kidogo, kwa hiyo dalali anaweza kuwa amesema nusu ya ukweli bila kujua.

Fundi wa Kiyangu
@Ufuta Mweupe inawezekana. Ndio maana gari kama hiyo hainunuliwi kwa kukisia. Ikizima, hapo hapo mtu apige stata, mwingine achomoe plagi moja aangalie cheche. Cheche hakuna, nenda kwenye sensa. Cheche ipo na harufu ya mafuta hakuna, nenda kwenye pampu.

Mmwera Halisi
Mnajadili sensa wakati suala kubwa mnaliruka. Kilomita 98,000 kwa gari ya 2004? Hiyo odometa imechezewa. Gawa mwenyewe: 214,000 kwa miaka ishirini na kitu ni kama 10,000 kwa mwaka, hiyo ni gari iliyotumika kawaida na mwenye nayo hajaficha. 98,000 haifiki 5,000 kwa mwaka, ukiweka Japani na hapa Bongo pamoja. Na ni namba C, ina zaidi ya miaka kumi kwenye barabara zetu. Haiingii akilini.

Kaka Ndanda
@Mmwera Halisi siyo lazima. Wakati wa gesi, miaka ile ya 2012 mpaka 2015 bomba linajengwa, Shangani ilijaa wageni na magari. Kazi zilipokwisha wengine waliacha gari nyumbani kwa watu, zikakaa zimefunikwa turubai. Zipo nyingi tu.

Binti Mikindani
Halafu mji wetu ni mdogo. Mtu anakaa Shangani, anafanya kazi bandarini, sokoni anatuma bodaboda. Kilomita zitatoka wapi? Baba yangu mkubwa ana Corolla ambayo kila fundi akiiona anasema imerudishwa kilomita, na sisi tumekua nayo tunaijua haijaguswa.

Dereva wa Usiku
Au dashibodi ya mita imebadilishwa. X-Trail hizi mita zake ziko katikati ya dashibodi, zikifa watu wananunua ya gari iliyokatwa wanapachika. Inakuja na kilomita za gari nyingine. Hapo dalali hajadanganya na wewe hujui gari imetembea kiasi gani.

Mmwera Halisi
Basi aangalie vitu visivyobadilishwa. Mpira wa pedali ya breki, stelingi upande ambao mkono unashika, kiti cha dereva ule ukingo unaosuguliwa wakati wa kushuka. Gari ya kilomita 98,000 pedali yake bado ina mistari. Ikiwa laini inang'aa, wamemlia hesabu. Na aombe karatasi ya mnada ya Japani au cheti cha kusafirishia, vinaonyesha kilomita iliyotoka nazo. Ikiwa ilitoka kule na 90,000, mjadala umekwisha.

Mjukuu wa Tandahimba
Asanteni sana wakuu. Nimepita Shangani leo. Pedali ya breki imelainika upande wa kulia, ya mafuta ina mistari kidogo. Stelingi imevishwa kava jipya. Karatasi za Japani dalali anasema zilipotea. Kadi ina jina la mtu mwingine ambaye yuko Mwanza.

Mchinga Mbili
Kava jipya la stelingi 👀

Mama wa Mtanda
Mimi siyo mtu wa injini ila nimewahi kulizwa kwenye makaratasi, nisikilizeni hapa. Kadi ya mtu wa Mwanza inauzwa na dalali wa Mtwara, usitoe hata shilingi ya kishika uchumba mpaka uongee na huyo mwenye kadi na uione nakala ya kitambulisho chake. Mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya wakili, mwenye kadi asaini mwenyewe au aliyepewa mamlaka ya maandishi. Kisha mkabadilishe umiliki TRA. Gari ikibaki kwa jina lake, kesho kukitokea kesi ya mirathi au mkopo, wewe ndiye unayesimama mahakamani.

Pia ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini. Faini zinafuata gari, haziwafuati madereva waliokwishaondoka. Na bima iangalie kwenye mfumo wa TIRA kama stika ni ya kweli.

Fundi wa Kiyangu
Nakazia la Mama wa Mtanda, na linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Hapo utapata na jambo jingine. X-Trail ikianza na NT30 ni fowili, inavuta tairi zote nne. Ikianza na T30 tupu inavuta mbele peke yake. Wapo walionunua wakidhani wana fowili, wakakwama mchangani Msimbati. IST ya cc 1300 itasoma NCP60, nayo inavuta mbele tu.

Kaka Ndanda
Sahihi. Na kama ni fowili, karibu na gia kuna vitufe vya 2WD, AUTO na LOCK. Bonyeza LOCK uendeshe polepole kwenye mchanga, uone kama nyuma inasukuma. Taa kuwaka kwenye dashibodi siyo ushahidi.

Mzee wa Naliendele
Mwanangu, kuna jambo la chumvi. Gari iliyolala Shangani miaka mingi inapigwa na upepo wa bahari usiku na mchana. Juu inapigwa polishi inang'aa, chini inaliwa. Ingia uvunguni na tochi. Gonga na bisibisi kwenye kingo za chini ya milango, mahali ambapo springi za nyuma zinakaa, na mabomba ya breki yanakopita. Nimeshuhudia bisibisi ikizama kwenye gari iliyopakwa rangi nyeusi ya lami wiki hiyo hiyo. Rangi ya lami mbichi uvunguni mimi naihesabu kuwa ni kasoro, hata kama mwenye gari anasema ni matunzo.

Ufuta Mweupe
Na mafuriko je? Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar ilikatika Somanga na magari mengi yalilowa. Gari iliyozama maji, plagi za waya zinaota kutu ya kijani, sensa zinapata na kupoteza. Hiyo nayo inaeleza kuzima. Vuta mkanda wa kiti wote mpaka mwisho, angalia kama una alama ya tope. Inua zulia chini ya kiti cha dereva.

Dereva wa Usiku
Sasa kuzima kwa X-Trail tuna sensa, pampu, maji ya mafuriko. Nani ataongeza?

Mjomba wa Newala
Mafuta machafu. Kule kwetu watu wanauziwa mafuta ya kwenye chupa kando ya barabara, tenki linajaa uchafu, filta inaziba.

Binti Mikindani
Uliomba mwenyewe 😂

Mchinga Mbili
Turudi kwenye IST jamani. Ile kushtuka gia ya kwanza kwenda ya pili ni mafuta ya gia boksi yamechoka. Badili, endelea na maisha.

Kariakoo Spea
@Mchinga Mbili hapo ndipo watu wanapoua gia boksi. Kilomita 214,000, kama haidroliki (hayo mafuta ya gia boksi) haijawahi kubadilishwa, ukimwaga yote ukaweka mpya, uchafu uliotulia unazibuka na clachi zilizochoka zinaanza kuteleza. Wiki ya pili gari haiendi. Mimi nawauzia watu gia boksi za mtumba kila wiki na wengi hadithi yao ni hiyo hiyo, "nilibadili tu haidroliki".

Fundi wa Kiyangu
@Kariakoo Spea hao waliokuja kwako clachi zilikuwa zimeshakwisha kabla. Haidroliki mpya haiui gia boksi nzima. Kinachoua ni kuweka aina isiyo yake. IST hiyo inataka aina ya Toyota iitwayo T-IV, na wengi wanamwaga yoyote nyekundu iliyopo dukani. Utaratibu wangu ni kushusha sampu (bakuli la mafuta chini ya gia boksi), kusafisha chujio, kurudishia kiasi kile kile kilichotoka. Baada ya muda unarudia. Huisukumi yote kwa mashine siku moja.

Halafu kushtuka ikiwa baridi kunaweza kuwa mountingi ya injini (mpira unaoishikilia kwenye bodi) imekatika, gia boksi haina kosa lolote. Fungua boneti, mtu akanyage breki aingize D kisha R. Injini ikiruka juu, ni mountingi.

Kariakoo Spea
Mimi nimesema ninayoyaona kaunta.

Kaka Ndanda
Wote mnasahau abiria. Watu watano, na kurudi wikiendi na muhogo, mbaazi, kuku wawili na gunia la ufuta. IST ikijazwa hivyo nyuma inakaa chini na mtu anasikia mchanga unakwangua sampu. Barabara kuu nayo, malori ya makaa ya mawe yanayoteremka bandarini yameichimba, mashimo ni ya kuviringisha tairi dogo.

Mama wa Mtanda
Na mafuta je? Tandahimba kwenda na kurudi ni kama kilomita 200. X-Trail kwa njia ile ikikupa 9 kwa lita ni lita 22. IST ikikupa 14 ni lita 14. Tofauti lita 8 kila wikiendi, lita 32 kwa mwezi, bado mizunguko ya mjini. Mtu mwenye mkopo wa kazini lita 32 ni ada ya mtoto. Bei zenyewe EWURA wanatoa mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na huwa tunaomba tu isipande.

Kaka Ndanda
Mama, lita 32 ni ndogo kuliko kukesha porini na watoto.

Mama wa Mtanda
Na gari inayozima yenyewe ndiyo haitamkesha porini?

Mzee wa Naliendele
Hapo Ndanda kapatikana.

Ufuta Mweupe
Ushauri mwingine, usinunue sasa. Minada ya korosho ikifunguliwa Oktoba kila mtu ana hela na madalali wanapandisha. Subiri Februari, Machi, hela imekwisha mifukoni, gari hiyo hiyo unaipata kwa milioni 6.

Mmwera Halisi
Aliyesubiri Februari mwaka jana bado anapanda bodaboda. Na mtumishi anayehama hasubiri Februari, IST itaondoka nayo.

Mjomba wa Newala
Kwa nini asitafute Probox? cc 1500, mzigo inabeba, mchomoko wote (teksi za kuchangia) wanatumia hizo.

Dereva wa Usiku
Kwa sababu Probox nzuri kusini haiuzwi, inarithiwa. Zinazouzwa zimeshabeba abiria tisa tisa miaka yote.

Mjukuu wa Tandahimba
Mrejesho wakuu. Leo nimekwenda na fundi kwenye IST. Chasisi inasoma NCP60, inafanana na kadi, na kadi ni jina la muuzaji mwenyewe. Cheni kimya. Mountingi ya upande wa kulia imepasuka, injini inaruka kama mlivyosema. Haidroliki ni kahawia na ina harufu kidogo ya kuungua. Tairi mbili zinasoma 2219, yaani wiki ya 22 ya 2019, kwa hiyo hizo ni za kubadili. Shokapu za nyuma zinavuja. Fundi anasema matengenezo yote hayafiki milioni moja kama gia boksi ni nzima. Nimeomba tushushe sampu tuone kama kuna vyuma kabla sijalipa, muuzaji amekataa, anasema akishafunguliwa gari na mimi nikaghairi atabaki na hasara.

X-Trail bado sijaifungia mlango. Chasisi ni NT30. Yule mwenye kadi wa Mwanza nimempigia, anasema aliiuza zamani kwa mtu, siyo kwa huyu dalali.

Mama wa Mtanda
Mlango ufunge leo. Mikono miwili katikati bila makaratasi.

Kaka Ndanda
Usifunge. Mtafute huyo wa katikati, ukiwapata wote wawili wakasaini inatoka. Ila dai milioni 6, siyo 7 na nusu, kwa usumbufu wote huo. Mimi Jumamosi nakuja Mtwara na kimashine cha kusoma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari. Tuiendeshe mpaka izime, tusome hapo hapo. Ikitoa P0335 ni sensa ya krenki, Fundi atakuwa amepatia.

Fundi wa Kiyangu
@Kaka Ndanda kodi siyo lazima itoke, nimeona sensa ikifa kimya bila kuacha kodi yoyote. Beba na spana ya plagi.

@Mjukuu harufu ya kuungua siipendi. Mwambie mwenye IST hivi: sampu ishushwe kwa gharama yako, haidroliki mpya ya T-IV na gasketi unanunua wewe, ukighairi hivyo vitu vinabaki kwenye gari yake. Hapo hana hasara. Akikataa na hilo, atakuwa anajua kilichomo.

Kariakoo Spea
Au hajui na anaogopa kujua. Gia boksi ya IST ya mtumba ninayo, sisemi zaidi.

Mchinga Mbili
Bado nasema IST. Mzee wa Naliendele, wewe unasemaje?

Mzee wa Naliendele
IST kwa kadi, X-Trail kwa barabara. Mimi ningeitaka IST kwa milioni 6 na laki 8, hiyo laki 7 iende kwenye mountingi, shokapu na tairi. Aende nayo Tandahimba mara moja akiwa na mzigo kamili kabla ya kulipa, muuzaji akae kiti cha mbele.

Mjomba wa Newala
Muuzaji akikubali kwenda mniambie, kuna magunia yangu mawili ya mbaazi yanasubiri usafiri hapo Tandahimba stendi.